Ufafanuzi: Dunia iliwahi kupata joto zamani, lakini si hivi

Masika yakichelewa Nairobi, ujumbe ule ule hurudi kwenye makundi ya chama na ya ploti: enzi za barafu zilikuja zikapita bila magari wala viwanda, kwa hiyo joto la leo ni mzunguko wa kawaida.

Nusu ya kwanza ni kweli, na hiyo ndiyo inayowanasa watu. Ukipanda Mlima Kenya utapita mabonde mapana yenye umbo la U. Yalichongwa na barafu iliyoshuka chini sana kuliko vipande vichache vilivyobaki kileleni.

Kosa liko kwenye hitimisho. Tangu enzi ya barafu ya mwisho ilipofika kilele, miaka 20,000 hivi iliyopita, dunia ilitumia takriban miaka 10,000 kupanda joto kwa nyuzi 5 hivi za Selsiasi. Sasa imepanda zaidi ya nyuzi 1 kwa miaka 150 tu.

Tunajuaje kwamba safari hii si mzunguko wa kawaida? Barafu ya Antaktika imefungia viputo vya hewa ya kale. Kwa miaka 800,000 kabla ya viwanda, kaboni dayoksaidi, gesi inayonasa joto na inayotoka kwenye magari na viwanda vinavyochoma mafuta, ilicheza kati ya sehemu 180 na 300 hivi kwa kila milioni. Leo imepita 420. Na lau jua lingekuwa chanzo, tabaka la juu la angahewa nalo lingepata joto. Vipimo vinaonyesha linapoa.

(Masika moja kuchelewa, kwa haki, hakuthibitishi lolote.)

Ukiletewa ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze. Muulize tu aliyeutuma: mabadiliko hayo ya kale yalichukua miaka mingapi?