Je, wajua kwa nini mgeni kwenye mfuko wa pamoja hawezi kula faida yako?

Pale Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, pesa ina majira. Wakati wa giza taa zinawaka ziwani usiku kucha, alfajiri dagaa wanashushwa kwa ndoo, na kila mtu ana chenji. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawaifuati taa na mitumbwi inalala. Akiba ya giza iwekwe wapi? Wengi wana upatu, nao unasaidia sana, ila unapokea kile kile ulichotoa.

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama Umoja wa UTT AMIS ulioanza 2005, unakusanya fedha za wengi na kuziweka kwenye hatifungani za serikali (yaani kuikopesha serikali kwa riba), hisa na amana za benki. Kwenye mnada wa hatifungani dau la chini ni shilingi 1,000,000. Muuza dagaa wa sado hana, lakini akina mama 100 wakitoa 10,000 kila mmoja, wanazo.

Hapo ndipo swali huja: mama wa 101 akiingia baadaye, si atakula jasho la wenzake?

Tupige hesabu. Tuseme kipande, yaani sehemu moja ya mfuko, kilianza kwa shilingi 100, hivyo kila mama ana vipande 100, na vyote ni 10,000. Riba ya 100,000 ikiingia, mfuko unakuwa na 1,100,000. Gawanya kwa vipande: kila kimoja sasa ni 110. Mgeni akileta 11,000 anauziwa kwa bei hiyo hiyo ya leo, anapata vipande 100. Mfuko una 1,111,000, vipande 10,100. Gawanya tena: 110. Hakuna aliyepunjwa hata senti.

Kwenye upatu wa kitapeli, kama DECI iliyozimwa na serikali 2009, "mavuno" ya wa kwanza yalikuwa mbegu za waliofuata. Wageni wakikoma, pesa imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, uliza kama mfuko una leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na ni benki gani inayotunza mali zake, maana meneja hatakiwi kukaa nazo mwenyewe.

Bei ya kipande hushuka pia, hisa zikianguka, na gharama za uendeshaji hukatwa humo humo. Lakini mbalamwezi ikitoka, mama anaweza kuuza vipande 50 tu, akalipwa 5,500 baada ya siku chache za kazi, na 50 vilivyobaki vikaendelea kuzaa.