Je, chumvi ikipikwa inapungua madhara?

Kwa miaka mingi niliamini chumvi inayodhuru ni ile "mbichi", ya kunyunyizia mezani. Coco Beach nilikuwa namzuia muuza mihogo asitie hata chembe, halafu jioni nakula maharage yaliyokolea chumvi, moyo mweupe kabisa. Si imepikwa?

Maharage yanachemka kwenye nyuzijoto 100 hivi. Chumvi kavu inahitaji nyuzijoto 801 ndipo iyeyuke, na hata hapo inabaki kuwa chumvi. Ndani ya mchuzi imepotea machoni tu. Mchuzi ukikaukia, utaikuta imeganda pembeni mwa sufuria. Kinachoweza kupungua jikoni ni madini joto, yaani kile kizuri tulichowekewa makusudi! Kosa la chumvi mbichi ni moja: inakuja juu ya nyingine iliyokwishaingia.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai kisichojaa. Hesabu ni ya yote: ya mkate, ya chipsi, ya ng'onda. Wastani wa dunia unakaribia gramu 11.

Kwa nini presha ipande? Tazama kachumbari. Nyunyizia vitunguu chumvi, geuka ukate nyanya, ukirudi bakuli lina maji. Chumvi imeyavuta. Mwilini nako inavuta. Maji ya damu yana chumvi ya kiasi cha gramu 9 kwa lita, na mwili hautaki uwiano huo uvurugike. Ukiongeza gramu 9, kiu inakushika, na maji yanayokaribia lita moja yanabaki ndani mpaka figo ziyatoe pamoja na chumvi yake. Mishipa ya damu ni kama mpira uleule wa kumwagilia bustani, ila bomba limefunguliwa zaidi.

Miili haifanani, lakini. Wapo ambao presha yao haitikisiki sana, na kwa macho huwezi kuwajua. Faida ya kushuka mbali chini ya gramu 5 nayo watafiti bado wanaibishania. Na anayebeba mizigo juani Kariakoo kutwa nzima anapoteza chumvi nyingi kwa jasho kuliko mimi niliyekaa chini ya feni.

Siku hizi muuza mihogo namwachia anyunyize kidogo, na ndimu juu. Ninachopima ni kijiko cha kwenye maharage. Wiki za mwanzo yalikuwa kama chakula cha mgonjwa. Sasa ya jirani ndiyo yananishinda.