Sumo: "kula, kulala na kulipwa" ni uongo

Kila klipu ya sumo, mieleka ya jadi ya Japani, inaposambaa, maoni chini yake ni yale yale: hawa kazi yao kula, kulala na kulipwa. Nimechoka. Tuanze na kulipwa, maana hapo ndipo penye uongo mkubwa.

Kwenye banzuke, orodha rasmi ya vyeo, kuna rikishi (wanamieleka) takriban 600. Wenye mshahara ni 70 tu: 42 wa makuuchi, daraja la juu kabisa, na 28 wa juryo, la pili. Wengine, kuanzia makushita, daraja la tatu, hadi jonokuchi, la chini kabisa, wanalishwa na kulazwa na heya, yaani kambi yao, na kila basho (shindano kuu) wanapewa posho: yen 165,000 kwa makushita, 77,000 kwa jonokuchi. Basho ni sita kwa mwaka, basi piga hesabu. Akipanda juryo anaanza kupata yen 1,100,000 kwa mwezi, mawashi (mkanda wa kiunoni) ya hariri ya kupigania, nyeupe ya mazoezi, na tsukebito, rikishi wa chini wa kumhudumia. Akishuka, vyote vinaondoka. Aliyekuwa akisuguliwa mgongo bafuni anarudi kusugua mgongo wa mwenzake.

Kula nako kuna masharti. Mazoezi huanza asubuhi tumbo tupu: shiko (kuinua mguu na kukanyaga) kwa mamia, suriashi (kutembea kwa kuburuza nyayo), teppo (kupiga nguzo kwa viganja), halafu mapambano ambayo mshindi anabaki dohyo, yaani ulingoni, hadi ashindwe, na mwisho butsukari, zoezi la kusukumana. Chanko, chakula chao, huja baadaye, na wa daraja la chini hula mwisho, baada ya kuwahudumia wakubwa. Anayedhani nguvu yao yote imo tumboni amkumbuke Osunaarashi wa Misri, Mwafrika wa kwanza katika sumo ya kulipwa. Basho la Nagoya la Julai 2014 liliangukia Ramadhani. Akiwa amefunga, aliwaangusha yokozuna (cheo cha juu kabisa) wawili, Kakuryu na Harumafuji, siku mbili mfululizo.

Kuhusu unene nitasema kidogo. Madaraja ya uzito hayapo, na duara la dohyo lina kipenyo cha mita 4.55, kwa hiyo uzito unasaidia kwenye tachiai, mgongano wa kuanza pambano. Lakini Konishiki alipita kilo 270 na akaishia ozeki, cheo kilicho chini ya yokozuna. Yokozuna Chiyonofuji, mwenye kilo kama 120, alitwaa ubingwa mara 31. Asiyeshusha nyonga husukumika hata awe mzito namna gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watazamaji wengi hawalioni kabisa: hesabu ya kupanda na kushuka. Sekitori, yaani wa makuuchi na juryo, hupigana mara 15 kwa basho, wa chini mara 7. Ushindi 8, au 4 kwa wa chini, ni kachi-koshi, unapanda. Ukikosa mmoja ni make-koshi, unashuka. Huko chini hupangiwa mtu mwenye rekodi kama yako: ukishinda mawili, wa tatu naye ameshinda mawili. Aliye ndani ya nafasi 15 za juu za makushita akimaliza 7–0, kwa kawaida anaingia juryo. Lakini mwenye 4–3 pale juu kabisa anategemea nafasi ngapi zimeachwa na wanaoporomoka kutoka juryo. Matokeo yale yale humpandisha mtu Machi na kumwacha palepale Mei. Hilo linaniudhi kuliko yote, kwa sababu kati ya nafasi hizo mbili ndipo mshahara unapoanza.

Na kutokuwepo kunahesabiwa kushindwa. Tangu 1972 kulikuwa na utaratibu wa kosho: ukiumia dohyo wakati wa basho, uliruhusiwa kukosa basho linalofuata bila kupoteza cheo. Utaratibu huo ulifutwa baada ya basho la Novemba 2003. Chukua goti lililokatika kano ya mbele. Baada ya upasuaji, uponaji huchukua miezi sita hadi tisa au zaidi, na basho huja kila baada ya miezi miwili. Wa juryo akisubiri apone, mshahara umekwenda na makushita inampita. Ndiyo maana unaona magoti yamezungushiwa bandeji: mtu anapigana kulinda cheo, goti linaharibika zaidi, cheo kinaondoka vilevile.

Wanaotetea mfumo humtaja Terunofuji: ozeki aliyeporomoshwa na magoti na kisukari hadi jonidan, daraja la pili kutoka chini, Machi 2019, akarudi kutwaa ubingwa Julai 2020 na kuwa yokozuna wa 73 mwaka 2021. Nampenda mno, lakini hakuna ozeki mwingine aliyeanguka hivyo akarudi, na mtu mmoja wa aina yake hathibitishi mfumo. Hata hivyo siwezi kusema kosho irudishwe ilivyokuwa. Ilitumiwa kupita kiasi, watu wakalipa kiingilio na kukuta majina makubwa hayapo. Nadhani jibu ni kuipa kosho masharti magumu zaidi, ila mpaka uwe wapi, bado najadiliana na nafsi yangu.

Ozeki anashushwa kwa make-koshi mbili mfululizo. Akipata ushindi 10 basho linalofuata, anarudishiwa cheo. Yokozuna hashuki, akishindwa kuendelea anastaafu.

Kustaafu kunawatenganisha tena. Kabu za wazee, nafasi za wastaafu wanaobaki kwenye chama cha sumo, ni 105, nazo zinahitaji uraia wa Japani pamoja na rekodi: basho moja la san'yaku (vyeo vya juu vya makuuchi), au 20 za makuuchi, au 30 za usekitori. Aliyetumia miaka 12 akaishia makushita hana sifa hata moja kati ya hizo. Wachache huajiriwa na chama kama sewanin, wasaidizi wa kazi za nyuma ya pazia. Wengi hukatwa chonmage, kile kifundo cha nywele, na kuondoka kutafuta kazi nyingine, wakiwa na magoti yale yale.