Kuiweka programu ya biashara yako Play Store: mwongozo kwa wafanyabiashara na watengeneza programu wa Mtwara na Lindi

Mbanguaji wa korosho wa Newala akipata mteja wa Mwanza, korosho si tatizo. Tatizo ni kuaminiana. Mteja hajui kama mzigo utafika akishatuma pesa, hajui bei ya leo, na hana pa kumuuliza muuzaji zaidi ya namba ya simu aliyopewa na mtu. Maduka ya programu za simu, Play Store kwa Android na App Store kwa iPhone, yamepunguza sehemu kubwa ya tatizo hilo. Kabla yake, kumfikishia mtu programu kulimaanisha kumrushia faili kwa Bluetooth, kumshawishi aruhusu simu yake ipokee kitu kisichojulikana kilikotoka, na kuzungusha faili upya kila ukirekebisha kosa. Maduka haya mawili yalifunguliwa mwaka 2008 (la Google likiitwa Android Market hadi Machi 2012), na sasa kazi ya kukagua, kuhifadhi, kusambaza, kusasisha na hata kupokea malipo hufanywa na duka lenyewe. Kijana mwenye kompyuta moja Lindi mjini anapita mlango uleule unaopitwa na benki.

Faida hiyo ipo kweli. Lakini wengi wanaikosa kwa mambo mawili ambayo hayahusiani na utaalamu wa kuandika programu: akaunti kuwa ya mtu asiyehusika, na kutojua makato ya duka yanagusa nini.

Kwanza jiulize kama unahitaji programu. Muuza pweza na kamba wa Feri, Mtwara, mwenye wateja hamsini anaowafahamu kwa majina, anahudumiwa vizuri na WhatsApp Business: ana orodha ya bidhaa yenye picha na bei, na bei ikibadilika asubuhi anaibadilisha mwenyewe. Programu inaanza kulipa pale wateja wanaporudia kununua, oda zinapokuwa nyingi kiasi cha kupotea kwenye meseji, au huduma yenyewe inapokuwa ndani ya simu, kama masomo, hesabu za kikundi au kumbukumbu za shamba.

Sheria za biashara ziko palepale hata ukiuzia kwenye simu. Korosho ghafi inauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na minada. Programu inayomkutanisha mnunuzi na mkulima wa korosho ghafi pembeni ya mfumo huo ni kangomba, yaani biashara haramu ya korosho, na kuivalisha sura ya teknolojia hakuiondolei kosa. Panapofaa ni kwenye korosho iliyobanguliwa na kufungashwa, yenye alama ya TBS, au kwenye taarifa: mwanachama kuona uzito wa mzigo alioupeleka ghalani na hatua ya malipo yake. Hili la pili bado lina nafasi kubwa sana huku kwetu, na tungependa vijana wengi zaidi wa Tandahimba, Masasi na Ruangwa walifanyie kazi.

Akaunti iwe ya biashara, isiwe ya fundi

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Mwenye biashara anamlipa fundi wa programu, fundi anaiweka programu kwenye akaunti yake ya Play, miezi minane inapita, fundi anahama au wanagombana. Programu ina watumiaji na nyota, lakini mwenye biashara hawezi kubadilisha hata picha. Anatengenezewa nyingine na kuanza sifuri, kwa sababu jina la ndani la programu, lile lenye muundo wa com.jina.jina, haliwezi kubadilishwa wala kutumiwa tena na mtu mwingine baada ya kuchapishwa.

Kinga yake haina gharama kubwa. Fungua barua pepe ya Gmail ya biashara, siyo ya mtoto wala ya mhasibu. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Jisajili kuwa mchapishaji kwa Dola 25 za Marekani, zinazolipwa mara moja tu. Hapa wengi wanakwama: Google haikubali kadi za kulipia kabla, kwa hiyo kadi pepe uliyoijaza pesa kutoka kwenye simu inaweza kukataliwa. Tumia kadi ya benki ya Visa au Mastercard, na uombe benki ifungue kwanza manunuzi ya mtandaoni. Kisha mwalike fundi kama mtumiaji mwenye ruhusa maalumu. Ataweza kupakia matoleo mapya bila kuimiliki akaunti, na mkataba ukiisha unamwondoa kwa dakika moja.

Kuna akaunti ya mtu binafsi na akaunti ya taasisi. Ya taasisi inadai namba ya utambulisho wa biashara iitwayo D-U-N-S. Hutolewa bure na Dun & Bradstreet, ila inaweza kuchukua hadi siku 30. Jina utakaloandika lifanane herufi kwa herufi na la cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), maana “Ltd” upande mmoja na “Limited” upande mwingine vinatosha kurudisha maombi. Akaunti binafsi hufunguliwa haraka, lakini ikiwa utauza kitu kupitia duka, anwani yako kamili itaonekana kwa umma. Anayefanyia kazi nyumbani alifikirie hilo mapema.

Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 zina sharti jingine linalowachelewesha vijana wengi: kabla ya kuitoa programu hadharani lazima ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Mjaribu anahitaji Gmail, anakubali mwaliko kwa kiungo, anasakinisha, na hajitoi. Wanaoalika 12 kamili hukwama, kwa sababu mmoja akibadili simu au akijitoa hesabu inapungua. Alika 18 au 20, na chagua watu wenye sababu ya kuitumia, kama wanakikundi, wanafunzi wenzako wa VETA au wateja wa dukani. Mwishoni Google huuliza wajaribu walisema nini na wewe ulirekebisha nini, kwa hiyo andika maoni yao tangu siku ya kwanza. Majibu ya ombi la kuitoa hadharani kwa kawaida hutoka ndani ya siku saba.

App Store ya Apple inadai Dola 99 kila mwaka, na usipolipia programu huondolewa dukani. Kwa biashara inayoanza, na kwa simu tunazoziona mikononi mwa watu wa mikoa hii, Android itangulie. Samsung na Huawei nao wana maduka yao, na usajili wake hauna ada.

Makato yanagusa nini

Bidhaa inayoshikika na huduma inayofanyika nje ya simu, mfano korosho, chumvi, vinyago vya Kimakonde, chumba cha wageni Kilwa Masoko au nauli ya bodaboda, haikatwi na Play Store hata senti. Unapokea pesa kwa njia zako mwenyewe. Sheria za duka zenyewe zinakataza kutumia mfumo wa malipo wa Google kwa bidhaa hizo. Kinachokatwa ni kitu cha kidijitali kinachotumika ndani ya programu: masomo, kufungua sehemu za ziada, usajili wa mwezi. Tangu Julai 2021 makato ni asilimia 15 kwa Dola milioni 1 za kwanza kila mwaka. Tuseme mtengeneza programu anauza mazoezi ya mtihani wa darasa la saba kwa Sh 5,000. Duka linachukua Sh 750, yeye anabaki na Sh 4,250 kabla ya kodi. Ila kiwango hicho hakiji chenyewe. Lazima uingie kwenye mipangilio, uunde kundi la akaunti na ukubali masharti, la sivyo kwa mauzo ya mara moja kama haya unakatwa asilimia 30, yaani Sh 1,500. Apple nao wana punguzo kama hilo tangu Januari 2021, na wao pia wanataka uliombe.

Kwa muuza bidhaa, malipo ya simu ndiyo moyo wa programu, na ndipo programu nyingi za hapa huharibikia. Ukianza na lipa namba ya kawaida, anayethibitisha malipo aangalie salio na orodha ya miamala kwenye simu ya biashara. Asikubali ujumbe aliotumiwa na mteja, maana ujumbe wa muamala unaghushiwa kirahisi. Ukihamia kwenye malipo ya moja kwa moja kupitia kampuni ya miamala, tatizo linakuwa jingine: mteja ameshaweka namba ya siri, mtandao unakatika, programu inaonyesha “imeshindikana”, anabonyeza tena na kulipa mara mbili. Dawa yake ni kila oda iwe na namba yake isiyojirudia, na kabla ya kutuma ombi jipya programu iulize kwanza kama ile namba imeshalipwa. Oda ionyeshe hatua zake kwa maneno ya kawaida: imepokelewa, imelipwa, imekabidhiwa kwenye basi. Hatua ya mwisho iambatane na jina la basi, tarehe na picha ya risiti ya mzigo. Picha hiyo moja inampunguzia muuzaji simu nyingi za “mzigo wangu uko wapi?”

Simu ndogo, bando dogo

Mteja wako huenda ana simu yenye RAM ya GB 2, nafasi imejaa picha, na bando la siku. Programu ya MB 60 ataisakinisha leo na kuifuta wiki ijayo apate nafasi. Play Store hupokea programu mpya kwa muundo wa AAB tangu Agosti 2021, na muundo huo husaidia kwa kuipa kila simu sehemu inazozihitaji tu. Hata hivyo hauwezi kuokoa picha za bidhaa zilizopakiwa kama zilivyotoka kwenye kamera. Zibadilishe kuwa WebP (muundo wa picha usiochukua nafasi kubwa) na uzipunguze upana hadi kama pikseli 800. Orodha ya bidhaa ihifadhiwe kwenye simu ili ifunguke bila mtandao, na oda iliyojazwa mahali pasipo na mtandao isubiri na kujituma yenyewe mtandao ukirudi. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchini, programu zilizojengwa hivyo ziliendelea kufunguka. Zilizotegemea mtandao kwa kila ukurasa zilibaki na duara linalozunguka.

Play hupima jambo hili. Ikiwa zaidi ya asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku wanaona programu ikijifunga ghafla, au zaidi ya asilimia 0.47 wanaiona ikiganda, duka hupunguza kuionyesha kwa watu wapya. Kwa hiyo toleo jipya usilifungulie wote kwa pamoja. Litoe kwa asilimia 5 ya watumiaji, subiri siku mbili tatu, soma ripoti, kisha panda hadi 20 na 100.

Ukurasa wa dukani

Jina lina nafasi ya herufi 30, maelezo mafupi 80, marefu 4,000. “Korosho za Mtwara: agiza leo” ni herufi 28, na tayari lina maneno ambayo mnunuzi atayatafuta. Jina la kampuni peke yake halitafutwi na mtu asiyekujua. Andaa alama ya pikseli 512 kwa 512, bango la 1024 kwa 500, na picha za skrini kuanzia mbili hadi nane. Maelezo yaandikwe Kiswahili kwanza, Kiingereza kiongezwe kama tafsiri. Maoni ya watumiaji yajibiwe, hata yale makali; nafasi ya jibu ni herufi 350, na mtu aliyetoa nyota moja anaweza kuibadilisha akiona kosa limerekebishwa. Kununua nyota kumekatazwa na kunaweza kuiondoa programu dukani.

Taarifa za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya majina, namba za simu na mahali walipo wateja anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Play nayo inataka sera ya faragha iliyo kwenye ukurasa wa wavuti ulio wazi kwa wote (faili la PDF halikubaliki), fomu ya usalama wa data, na njia ya mteja kufuta akaunti yake ndani ya programu na nje yake. Fomu hiyo hukosewa sana: mtengenezaji anajaza “hatukusanyi chochote” huku matangazo aliyounganisha ndani yanakusanya utambulisho wa simu.

Usiombe ruhusa usiyoihitaji. Programu ya kuuza korosho haina kazi na meseji wala orodha ya majina ya mteja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na watu wengi sasa wanasita wakiona programu inaomba kusoma majina yao ya simu. Wana haki ya kusita.

Baada ya kuzinduliwa

Programu inahitaji bajeti ya matunzo. Kila mwaka Google hupandisha toleo la Android ambalo programu lazima ilenge. Kwa mfano, kuanzia tarehe 31 Agosti 2025 programu mpya na masasisho vilitakiwa kulenga Android 15. Usiposasisha, programu haionekani tena kwa wateja wapya wenye simu za matoleo ya karibuni, na mwenye biashara hubaki akijiuliza kwa nini oda zimepungua ilhali kwenye simu yake kila kitu kinafanya kazi. Kwenye mkataba na fundi andika angalau masasisho mawili kwa mwaka, pamoja na kukabidhi msimbo wote na ufunguo wa kupakia (faili la siri la kusainia matoleo mapya).

Na kama programu yako tayari iko kwenye akaunti ya fundi, bado inaweza kuhamishwa. Fungua akaunti yako, lipa Dola 25, kamilisha uthibitisho, kisha fundi aombe uhamisho akiwa ndani ya akaunti yake. Watumiaji, nyota na maoni vinahama pamoja na programu. Ripoti za malipo za zamani hazihami, hivyo zipakue kabla.