Kwa nini chanjo ya surua husubiri miezi tisa, kisha hurudiwa?

Akiwa na majuma sita tu, mtoto huanza kuchomwa sindano za kumkinga na dondakoo, pepopunda na kifaduro. Surua, ambayo huambukiza kwa kasi kuliko hayo yote, husubiri hadi miezi tisa. Mbona iachwe nyuma?

Sababu inatoka kwa mama. Mama aliyewahi kuugua surua au kuchanjwa humpa mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Hizo humlinda mtoto miezi ya mwanzo, kisha hufifia taratibu. Chanjo ya surua nayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na ni lazima vizaliane kidogo mwilini ndipo mtoto atengeneze kinga yake mwenyewe. Kingamwili za mama hazibagui kirusi cha ugonjwa na cha chanjo. Huvimaliza vyote mapema. Sindano imechomwa, kadi imejazwa, kinga hakuna. Chanjo za dondakoo, pepopunda na kifaduro hazina vijidudu hai, kwa hiyo haziathiriwi kwa kiasi hicho.

Basi tungoje zaidi? Mtoto akichanjwa kwa miezi 12, uwezekano wa kupata kinga ni takribani asilimia 95. Kwa miezi tisa ni kama 85. Lakini mahali ambapo surua bado inazunguka, miezi hiyo mitatu ya kungoja ni hatari, na watoto wachanga ndio huzidiwa zaidi na nimonia na kuharisha kunakofuatana nayo. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri miezi tisa penye maambukizi mengi, na 12 pale yalipo machache. Ukizuka mlipuko, mtoto huweza kuchanjwa tangu miezi sita, ila dozi hiyo haihesabiwi: zile mbili za kawaida bado anazidai.

Dozi ya pili, kwa kawaida kati ya miezi 15 na 18, ndiyo inayorukwa sana, na inasikitisha, kwa sababu wengi huidhani ni nyongeza tu. Kazi yake kubwa ni kuwapata wale ambao ya kwanza haikuwashika, na hakuna anayeweza kuwatambua kwa macho. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka chumbani. Ndiyo maana hutakiwa watu 95 kati ya 100 wawe wamekingwa. Aliyepitiwa na tarehe hana haja ya kuanza upya. Apelekwe tu aendelee alipoishia.

Chanjo huja ikiwa unga mkavu, huchanganywa na maji yake maalumu, na mtoto huchomwa nusu mililita chini ya ngozi ya mkono wa juu. Haina dawa ya kuzuia bakteria, kwa hiyo kichupa hutupwa zikipita saa sita tangu kichanganywe, hata kama kimebaki nusu.

Homa ya chanjo hii nayo huchelewa. Hutokea kati ya siku ya 7 na ya 12, pengine na vipele vichache, kwa kuwa ndipo virusi vile dhaifu vinapozaliana.