Wanajeshi Hawakuisafisha Nigeria: Dhana Potofu Kuhusu Ufisadi na Utawala wa Kijeshi

Katika mafunzo ya ukaguzi wa hesabu za umma ninayowapa madiwani na wahasibu wa halmashauri, kuna kauli ambayo haikosi kuja tunapofika kwenye hoja za ukaguzi zilizokaa miaka bila kujibiwa. Mshiriki mmoja hunyoosha mkono na kusema kwamba dawa ya wala rushwa ni jeshi. Tangu serikali za Mali (2020), Burkina Faso (2022) na Niger (2023) zipinduliwe, kauli hiyo hutolewa kwa kujiamini zaidi, na wenzake humpigia makofi. Nimeijibu kwa upole mara nyingi kuliko inavyostahili, kwa hiyo safari hii naijibu kwa maandishi. Mfano wangu ni Nigeria, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa chini ya jeshi kwa takriban miaka 29 kati ya 39 ya mwanzo ya uhuru wake, na kumbukumbu za yaliyotokea zipo kwa anayetaka kuzisoma.

"Jeshi lina nidhamu, kwa hiyo litasafisha ufisadi."

Tuanze na ahadi yenyewe, maana haikuanza jana. Tarehe 15 Januari 1966 Meja Chukwuma Kaduna Nzeogwu alitangaza redioni kutoka Kaduna kwamba adui wa mapinduzi ni matapeli wa siasa na wakubwa wanaodai asilimia 10 katika kila mkataba. Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa aliuawa katika mapinduzi hayo, pamoja na mawaziri wakuu wa majimbo ya Kaskazini na Magharibi na waziri wa fedha wa shirikisho. Miaka mitano baadaye, Januari 1971, wanajeshi waliomweka Idi Amin madarakani Uganda walisoma redioni orodha ya sababu 18 za mapinduzi yao, na rushwa ya mawaziri ilikuwamo. Wasomaji wa Kampala hawahitaji kuelezwa kilichofuata.

Nigeria ilipotoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1970 na bei ya mafuta ikapanda, serikali ya Jenerali Yakubu Gowon iliagiza saruji inayokadiriwa kufikia tani milioni 20. Wizara ya Ulinzi peke yake ilichukua takriban milioni 16 za oda hiyo, kiasi kilichopita mbali mahitaji yake na kilichopita mbali zaidi uwezo wa bandari ya Lagos kupakua. Mamia ya meli yalisubiri baharini mwaka 1975, serikali ikawa inalipa tozo za ucheleweshaji kwa kila siku ya kusubiri, na nyingine zilikuwa meli kuukuu ambazo wamiliki wake walinufaika zaidi na kusubiri kuliko kupakua. Saruji nyingi iliharibika. Mkaguzi yeyote anayeisoma habari hii hujiuliza swali moja: ni nani alikuwa na mamlaka ya kuirudisha hati ya ununuzi huo na kuandika kwamba kiasi hakilingani na mahitaji? Wizara iliyoagiza ilikuwa ya wanajeshi, serikali iliyoidhinisha ilikuwa ya wanajeshi, na bunge la kuhoji halikuwapo.

Gowon alipinduliwa Julai 1975 akiwa Kampala kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Jenerali Murtala Mohammed aliunda jopo la kuchunguza mali za magavana wa kijeshi, na kati ya magavana 12, kumi walikutwa wamejitajirisha isivyo halali. Rafiki zangu wa semina hupenda kuishia hapo, kwa sababu inaonekana kama ushahidi kwamba jeshi lilijisafisha. Wasiishie hapo. Mwaka 1993 utawala mwingine wa kijeshi, wa Jenerali Ibrahim Babangida, ulitoa amri ya kurudisha baadhi ya mali zilizokuwa zimetaifishwa. Kilichochukuliwa kwa amri kilirudishwa kwa amri, na hakuna mahakama iliyohitajika katika hatua yoyote.

Kiini cha hoja yangu ni hiki, nami huwaomba washiriki wakiandike. Nidhamu ya jeshi ni utii kwa aliye juu yako, na utii huo ni sifa njema vitani, lakini wizi mkubwa wa fedha za umma huzuiwa na mtu wa chini anayeweza kumkatalia mkubwa wake saini na kesho yake bado akawa kazini. Mtu huyo anaweza kuwa afisa masuhuli (mtendaji anayewajibika kwa matumizi ya taasisi), mkaguzi, jaji, mbunge wa Kamati ya Hesabu za Serikali au mhariri wa gazeti. Utawala wa kijeshi huwaondoa watu hawa mmoja mmoja, tena mara nyingi kwa jina la kupambana na rushwa.

Kesi ya Lakanmi ni ya kusomwa na kila anayebisha. Serikali ya kijeshi ilikuwa imehalalisha kwa amri utaifishaji wa mali za watu waliochunguzwa kwa tuhuma za kujitajirisha. Aprili 1970 Mahakama ya Juu ya Nigeria ilisema amri hiyo ni batili, kwa kuwa serikali ilikuwa imejigeuza hakimu dhidi ya watu waliotajwa kwa majina. Wiki chache baadaye likaja jibu: Amri Na. 28 ya 1970, iliyotangaza kwamba amri za jeshi ziko juu ya kila kitu na kwamba hukumu ya namna hiyo haina nguvu. Jenerali Muhammadu Buhari alipochukua nchi tarehe 31 Desemba 1983, Amri Na. 13 ya 1984 ilizifungia mahakama tena mlango wa kuhoji amri za serikali. Amri Na. 4 ya mwaka huohuo iliwapeleka jela waandishi wawili wa gazeti la The Guardian la Lagos. Wanasiasa wala rushwa walishitakiwa kwa wingi katika mahakama maalumu zenye maofisa wa jeshi ndani yake, ambako mshitakiwa ndiye aliyepaswa kuthibitisha kuwa hana hatia, hata chama cha mawakili kikazisusia. Baadhi ya waliofungwa walikuwa wezi kweli, sina shaka na hilo. Ila hukumu za aina ile hudumu kadiri anavyodumu aliyezitoa, na Buhari alipopinduliwa Agosti 1985, Babangida aliwaachia wengi au akawapunguzia vifungo.

Na chini ya Babangida mfumo ulifikia ukamilifu wake. Mwaka 1994 jopo la mchumi Pius Okigbo lilikuta kwamba takriban dola bilioni 12, zikiwamo za mafuta yaliyouzwa kwa bei ya juu wakati wa Vita vya Ghuba, zilipitishwa katika akaunti maalumu nje ya bajeti na zikatumika ndani ya miaka isiyozidi sita. Ripoti haikuchapishwa rasmi, na serikali za baadaye zilidai kwamba nakala yake haionekani. Jenerali Sani Abacha, mtu yuleyule aliyetangaza redioni mapinduzi ya 1983, alitawala kuanzia Novemba 1993 hadi alipokufa Juni 1998. Mshauri wake wa usalama wa taifa aliandika barua za kuomba fedha za dharura za usalama, Abacha akaziidhinisha, na Benki Kuu ikatoa, nyingi kwa noti taslimu. Kwa njia hiyo peke yake zilitoka zaidi ya dola bilioni mbili. Wizi huu haukuhitaji ujanja wowote wa kihasibu. Barua mbili tatu zilitosha, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuuliza dharura ni ipi.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao washiriki wangu wameuchoka, ni kwamba ukitaka kuijua serikali yoyote mpya ya kijeshi usisikilize hotuba yake ya kwanza, bali soma inachofanya kwa sheria ya manunuzi. Niger iliondoa manunuzi ya ulinzi katika utaratibu wa kawaida wa manunuzi ya umma mwezi Februari 2024, hata mwaka haujaisha tangu mapinduzi. Mimi baada ya kusoma habari hiyo sikuhitaji kusoma nyingine.

"Zama za jeshi rushwa ilikuwa ndogo, imezidi baada ya kura."

Imezidi kusikika, na hilo ni jambo jingine. Sitetei serikali za kiraia za Nigeria baada ya Mei 1999. Magavana wa kiraia wamerithi fungu la usalama lisilokaguliwa lililonawiri chini ya jeshi, na wanalitumia kwa furaha. James Ibori, aliyekuwa gavana wa jimbo la Delta, alifutiwa mashitaka 170 na mahakama ya Asaba mwaka 2009, kisha akafungwa miaka 13 na mahakama ya London mwaka 2012. Aibu hiyo ni ya mahakama za kiraia. Lakini pia Mkuu wa Polisi Tafa Balogun alifungwa mwaka 2005 na serikali ileile iliyomteua, na Mei 2006 Baraza la Seneti lilikataa mabadiliko ya katiba ambayo yangempa Rais Olusegun Obasanjo nafasi ya kipindi cha tatu. Wanaokataa walikuwa wamerudi, wachache na wenye kasoro zao, lakini walikuwapo.

"Tukiwapiga risasi wachache, wengine watajifunza."

Ghana ilijaribu. Juni 1979 utawala wa kijeshi wa Jerry Rawlings uliwapiga risasi wakuu watatu wa zamani wa nchi, Acheampong, Akuffo na Afrifa. Wote watatu walikuwa wanajeshi, na wote walikuwa wametawala kupitia mapinduzi. Ningependa mtu anieleze somo hilo lilimfundisha nani.

"Tunachokosa ni kiongozi mmoja mwadilifu."

Hii ina ukweli nusu, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Thomas Sankara wa Burkina Faso aliuza magari ya Mercedes ya serikali na mawaziri wakapanda Renault 5; uadilifu wake sijawahi kuusikia ukipingwa hata na mahasimu wake. Aliuawa katika mapinduzi ya Oktoba 1987, kisha Blaise Compaoré akatawala miaka 27. Kwetu Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 lilienda hatua zaidi ya tabia ya mtu mmoja, kwa kuwa liliandika miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 CCM, chama kilichorithi TANU iliyopitisha Azimio hilo, kilikaa Zanzibar na kuilegeza miiko hiyo. Mwalimu Nyerere alikuwa hai, na uadilifu wake haukuitetea miiko iliyokuwa mikononi mwa chama peke yake. Uadilifu wa kiongozi tunauhitaji sana, na kipimo changu cha uadilifu huo ni iwapo ameacha nyuma yake maofisa ambao mrithi wake hawezi kuwafukuza kwa simu.

"Mishahara midogo ndiyo chanzo."

Kwa trafiki wa barabarani, pengine. Kwa Abacha, tafadhali.

"Fedha zikirudishwa kutoka nje, hasara imefutika."

Uswisi ilirudisha takriban dola milioni 700 za Abacha kufikia katikati ya miaka ya 2000, baada ya kesi zilizoanza mwaka 1999, na mwaka 2017 yakafikiwa makubaliano ya dola milioni 321 zaidi. Mwaka 2020 zikaja takriban dola milioni 308 kutoka kisiwa cha Jersey kwa makubaliano yaliyoihusisha Marekani, zikapangiwa barabara ya Lagos hadi Ibadan, ya Abuja hadi Kano na daraja la pili la mto Niger. Daraja hilo lilikuwa limezungumzwa kwa miongo kadhaa, na ada za mawakili wa nchi kadhaa zilikuwa zimelipwa njiani. Mtoto aliyezaliwa mwaka aliokufa Abacha alikuwa amefikia umri wa kumaliza chuo kikuu kabla ya fedha za Jersey kufika Abuja.