Mahekalu ya Goa chini ya Wareno: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Wareno walibomoa mahekalu yote ya Goa, katika pwani ya magharibi ya India, mara tu walipoingia.

Ukweli: Afonso de Albuquerque, kamanda wa Wareno, alipouteka mji wa Goa mwaka 1510, aliwaachia Wahindu mahekalu yao. Ubomoaji ulianza takriban mwaka 1540 katika kisiwa cha Tiswadi, kisha ukaenea Bardez na Salcete, na mashamba ya mahekalu yakakabidhiwa Kanisa. Goa ya Wareno wakati huo haikuvuka maeneo hayo matatu.

Dhana: Mahekalu mashuhuri ya Ponda, eneo la Goa lililo ng'ambo ya mto Zuari, ni majengo ya kale yaliyosalimika kwa kufichwa msituni.

Ukweli: Iliyosalimika ni miungu, si majengo. Mwaka 1560 waumini walilitoa linga (jiwe la ibada) la mungu Shiva, ambaye huko huitwa Manguesh, katika kijiji cha Cortalim, wakalivusha mto Zuari hadi Priol, huko Ponda. Mungu wa kike Shantadurga naye alitoka Quelossim akahamishiwa Kavlem, na mwenzake Mahalasa akatoka Verna kwenda Mardol, vijiji vya Ponda pia. Haikuwa safari ndefu, lakini ng'ambo ile ilikuwa ardhi ya sultani wa Bijapur, kwa hiyo miungu ya Kihindu ilipata hifadhi ndani ya dola ya Kiislamu, jambo ambalo wanaoisimulia historia ya India kama ugomvi wa dini mbili hupenda kuliruka. Majengo yanayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni ya karne ya 18, na kuba zake pamoja na madirisha ya tao hufanana mno na makanisa ya Goa, kwani mafundi hawakuona haya kuazima kwa mtawala yule yule aliyewafukuza miungu wao. Hekalu la kale lililosimama kweli ni lile la Mahadeva huko Tambdi Surla, lililojengwa kwa mawe meusi ya basalti chini ya milima ya Ghats Magharibi kabla Mreno yeyote hajafika India.

Dhana: Wareno walipoitwaa Ponda, waliyaacha mahekalu kwa sababu walikuwa wamejifunza uvumilivu wa dini.

Ukweli: Waliitwaa katika miaka ya 1760, wakiwa wamedhoofika na huku wakipakana na Wamaratha, dola ya Kihindu yenye nguvu, hivyo wakaahidi kutogusa dini wala mila za wenyeji ili mpaka utulie. Katika maeneo yao ya zamani, mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi haikufutwa kabisa hadi mwaka 1812.